Heko kwa UDASA

Mwalimu wa Kibaha au Kisarawe anayepitisha karatasi ya saini stafu, akitaka chama chake kitoe tamko, anafanya kazi ya heshima. Saini ya kwanza ndiyo ngumu; wa pili huuliza kwanza nani katangulia.

Kwa kazi ya aina hiyo naipongeza UDASA, jumuiya ya wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 19 Aprili 1990, nchi ikiwa bado ya chama kimoja, wajumbe wake na wenzao wa vyuo vingine walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Hawakudai haki za maprofesa peke yao: walitaja haki ya kila mtu kupata elimu, na wakamtaka msomi asimame na wananchi wanaoonewa. Huo ndio uzito wa Azimio hilo. Haikutimia mwezi, serikali ikakifunga Chuo. Novemba, wasomi wa Afrika wakatoa azimio lao Kampala.

Natamani kila shule ya Pwani, kuanzia Kibaha Sekondari hadi Minaki, ibandike nakala ya Azimio lile kwenye ubao wa stafu.