Uhaba upi unaousema?

"Dearth" ni neno la Kiingereza cha kiofisi. Ukikutana nalo kwenye makala ya kisayansi, haraka haraka unalitafsiri: uhaba. Tafsiri hiyo inapita, ila ni ya kivivu. Neno lenyewe limezaliwa na "dear", yaani ghali. Zamani lilimaanisha chakula kupanda bei mpaka watu wanashinda njaa.

Pita Mwanjelwa utaelewa. Mchele wa Kyela upo, ndizi za Rungwe zipo, viazi vipo. Bei ikipanda, mwenye elfu mbili mfukoni anauona mchele na kuuacha pale pale. Mchumi Amartya Sen alilieleza jambo hili mwaka 1981 alipochambua njaa ya Bengal ya 1943: watu walikufa kwa kukosa uwezo wa kupata chakula, wakati chakula chenyewe hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vile.

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Uhaba: kitu ni kichache. Upungufu: kimeshuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Ukosefu: hakipo. Waandishi wengi wa sayansi wanavitupa vyote kwenye kapu moja, eti maana ni ile ile. Si kweli. Daktari akikuambia una upungufu wa damu, amepima hemoglobini yako. Hospitali ikitangaza uhaba wa damu, imehesabu chupa kwenye jokofu. Wa kwanza anahitaji matibabu, wa pili anahitaji wachangiaji.

Na kuchanganya huku kuna gharama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ni kama asilimia 30. Iringa hiyo hiyo inavuna mahindi mpaka inauza nje ya mkoa! Ukiandika "uhaba wa chakula Iringa", msomaji atafikiria kupeleka magunia ya mahindi. Kumbe ugali upo; mtoto anapungukiwa maharage, mayai, maziwa na matunda, na anahitaji kulishwa mara nyingi zaidi kwa siku. Hapo neno ni upungufu wa virutubishi.

Kwa hiyo kabla hujaandika "uhaba" kwenye ripoti yako, jiulize: ni kichache, hakitoshi, hakipo, au kipo ila ni ghali? Anayesoma ripoti hiyo ndiye atakayeamua kipelekwe nini.