Kadinali Asiyefika Bagamoyo

Nikipata mgeni hapa Makurunge, lazima siku moja nimpeleke Bagamoyo mjini akaione misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868. Swali huwa lilelile: nani alikomesha biashara ya watumwa? Kwa miaka mingi nilimtaja Kadinali Charles Lavigerie. Kisha nikasoma hotuba zake za 1888.

Nakiri, alikuwa msemaji hodari. Askofu Mkuu wa Algiers tangu 1867, mwanzilishi wa Mapadre Weupe mwaka uliofuata, kadinali tangu 1882. Julai 1888 alipanda mimbari ya Saint-Sulpice, Paris, akaeleza vijiji vilivyochomwa na watu waliofungwa minyororo. London na Brussels akarudia. Hakuwa anasema uongo. Bagamoyo iliyaona hayo.

Yeye ndiye hakuiona Bagamoyo. Alitegemea barua za mapadre wake, waliopita hapa 1878 kwenda maziwa makuu, pamoja na vitabu vya wasafiri. Labda ndiyo maana Mwafrika wa hotuba zile ni wa kuhurumiwa tu, na mwokozi anatoka Ulaya akiwa na bunduki. Kadinali aliomba wanaume wajitolee kwenda kupigana.

Maneno yale yaliwafaa wengine. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilichukua forodha za pwani na kupandisha bendera yake, watu wakainuka. Huko Berlin, Bismarck akakitumia kilio cha utumwa, na Januari 1889 Bunge likatoa maki milioni 2 za vita. Wissmann akaja na jeshi. Desemba mwaka huo Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani. Simsafishi Abushiri: alikuwa na shamba la miwa, na watumwa. Lakini misheni ya Bagamoyo, iliyojaa wakimbizi, hakuigusa. Mambo ya namna hii hayana nafasi katika hotuba inayotaka watu watoe machozi na pesa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kadinali alikuwa na mtu wa kumpa nafasi aseme. Adrien Atiman alitekwa akiwa mtoto upande wa Timbuktu, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta kwa mpango wa Lavigerie mwenyewe. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko mpaka alipofariki 1956. Maisha yake aliyaandika mwenyewe.

Mgeni wangu wa mwisho alikuwa binti wa shangazi, yuko chuo mwaka wa pili. Nilimsimulia yote haya tukiwa kituoni tunasubiri gari la kurudi. La kadinali hakuuliza tena. Alitaka kujua tu huyo Atiman aliandika nini, na kwa nini shuleni hatukumsoma.