Hekalu, Mzimu na Miungu: Maneno ya Kusimulia Asili ya Mahali pa Ibada

Maneno ya dini ni mzigo mzito kwa mfasiri, kwa sababu mengi yao yameingia katika Kiswahili yakiwa yamekwisha kutoa hukumu. Anayetafsiri habari za kilimo akikosea jina la mbegu, wakulima watamsahihisha msimu huohuo. Anayetafsiri habari za mahali pa ibada akikosea, kosa lake laweza kufundishwa darasani miaka mingi bila ya mtu kulalamika. Katika makala haya twapenda kuyachungua maneno machache ya aina hiyo, na kuyapima kwa masimulizi mawili: moja la Rungwe, na jingine la Gujarat huko India, walikotoka wazee wa Wahindu wengi wa Afrika Mashariki.

Tuanze na la Rungwe. Wanyakyusa husimulia kwamba watawala wao walishuka kutoka Ukinga, katika milima ya Livingstone, wakaja na moto, ng'ombe na chuma kwa watu waliokuwa wakila vyakula vibichi. Miongoni mwa wakuu wanaotajwa katika masimulizi hayo wamo Lwembe, Kyala na Kyungu, ambao husemwa kuwa ni ndugu. Lwembe alikaa Lubaga, katika nchi ya Selya. Kyala alikaa kando ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo jina lake lenyewe, Palikyala, lamtaja yeye. Kyungu alishika Ungonde, ambayo leo imo katika Malawi. Lubaga si jengo. Ni kichaka cha miti ambapo tambiko lilifanywa kwa ajili ya mvua na rutuba ya nchi, na jina la Lwembe lilirithiwa na mtu aliyeishi humo akiwa chini ya miiko mikali. Mtu huyo hakuachwa afe kwa maradhi. Alipougua sana walinzi wake walimziba pumzi, baada ya kumtoa nywele na kucha angali hai, ili neema ya chakula isiondoke naye kwenda kaburini.

Habari hizi zimeelezwa kwa urefu na Monica Wilson, aliyefanya utafiti katika Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, na hasa katika kitabu chake Communal Rituals of the Nyakyusa kilichotolewa mwaka 1959. Ni kazi kubwa, na mwalimu yeyote wa Rungwe angefaidika nayo kama ingekuwapo mbele yake kwa Kiswahili. Lakini mfasiri atakayeishika atakutana na matatizo tangu kurasa za kwanza, kwa kuwa maneno ya Kinyakyusa yamekwisha kupita katika Kiingereza, na Kiingereza hicho kimewavika watu wa Lubaga mavazi ya kigeni. Lwembe na Kyala humo wanaitwa kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri "shujaa". Kwa msomaji wa Kiswahili shujaa ni Fumo Liyongo, mtu wa upinde na mishale. Lwembe hakupigana na mtu. Sifa yake ni mvua na uzazi. Twaona "mhenga" lingemfaa zaidi kuliko "shujaa", na kwa yule mrithi wa jina lililo bora ni kuliacha jina lenyewe lisimame, Lwembe, kama tuachavyo Kabaka au Farao. Wale walinzi wa kichaka nao wameitwa kwa neno ambalo mfasiri mwenye haraka ataliandika "makuhani". Kuhani ni neno la Agano la Kale, na pamoja nalo huja madhabahu na mavazi rasmi. Tunalo neno "watambikaji", ambalo laeleza kazi waliyoifanya na halikopi chochote kutoka Yerusalemu.

Tatizo kubwa kuliko yote ni jina la Kyala. Wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika nchi hiyo mwaka 1891, na katika kazi yao ya tafsiri jina Kyala likawa ndilo jina la Mungu katika Kinyakyusa, katika sala na katika Maandiko. Mpaka leo ndivyo lilivyo, na mwumini wa Tukuyu anapolitamka hamfikirii mtu wa kando ya ziwa. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Lugha ni mali ya waisemao. Lakini mfasiri wa masimulizi hawezi kuchukua kila "Kyala" na kuandika "Mungu". Akifanya hivyo atatuletea sentensi isemayo kwamba Mungu na Lwembe walikuwa ndugu, na kwamba Mungu alikwenda kukaa ziwani. Mkristo ataiona ni kufuru, na mzee asimuliaye habari za Lubaga ataiona ni upuuzi. Kanuni yetu ni nyepesi: katika sala, Mungu; katika masimulizi, Kyala. (Wageni wapelekwao kuliona Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira hawaulizi ni Mungu yupi, na pengine ni heri.)

Sasa tutazame neno "hekalu". Kwa wasomaji wetu wengi ni nyumba ya ibada iliyojengwa, na ya kwanza ijayo akilini ni ile ya Sulemani. Limekubalika pia kwa nyumba za ibada za Wahindu, kama zile za Kisutu, Dar es Salaam, na hapo hatuna la kupinga. Kosa ni kulipeleka Lubaga. Msomaji ataambiwa "hekalu la Lwembe" na atatafuta kuta. Hata hivyo kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni la wale ambao, kwa kukosa kuta, huteremka mpaka "pango la mashetani" au "mahali pa ushirikina". Kumbe Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno tangu zamani. "Mzimu", pamoja na kuwa roho ya marehemu, lilikuwa ni mahali penyewe pa kutolea sadaka, pawe pango, mti au magofu. Watu walikwenda mzimuni. Maana hiyo imefunikwa na ile ya kutisha watoto, na kuirudisha ni kazi. Lakini neno "mzimu wa Lubaga", likielezwa mara moja katika utangulizi, lina haki kuliko hekalu lisilo na paa. Wanaoogopa mkanganyo waandike "kichaka cha tambiko". Ila wasiwaite waliokufa "mizimu" katika sura hiyohiyo. Wanyakyusa huwaita abasyuka, na neno "wahenga" lingewatosha kama mfasiri hakulitumia kwa Lwembe peke yake.

Upande wa Gujarat ugumu ni wa namna nyingine. Hekalu la Somnath lasimama ufukweni, na jina lake lamtaja Shiva kuwa ni Bwana wa Mwezi. Husimuliwa kwamba Mwezi aliwaoa mabinti ishirini na saba wa Daksha, akampenda mmoja tu, Rohini. Baba yao akamlaani, naye akaanza kukonda. Akaenda ufukweni kumwomba Shiva, akasamehewa nusu: atakonda, kisha atanenepa tena. Kwa shukrani Mwezi alijenga hekalu la dhahabu; baadaye Ravana alilijenga kwa fedha, Krishna kwa mbao, na mwisho mfalme Bhimdev kwa mawe.

Wanafunzi wetu hufundishwa kutenga kisasili na kisakale, na kisakale na tarihi, na M. M. Mulokozi katika makala yake ya mwaka 1989 katika Mulika alizipanga tanzu hizo kwa uangalifu. Lakini hapa sentensi moja inaanza na Mwezi aliyeoa na kuishia kwa Bhimdev, mfalme wa karne ya 11 aliyekuwako kweli. Hekalu lenyewe liliporwa na Mahmud wa Ghazni mwaka 1026, na lililopo leo lilifunguliwa mwaka 1951. Lubaga ni vivyo hivyo: Lwembe wa kwanza ni wa kisasili, na warithi wake walikuwa watu wenye watoto na majirani. Kwa hiyo mfasiri asiandike juu ya ukurasa neno moja litakaloyafunga yote. Na zaidi ya yote asiandike "hekaya", ambalo kwa wasomaji wengi siku hizi maana yake ni jambo la kubuni. Mtoto wa Selya akikuta simulizi ya bibi yake chini ya neno hilo, na ya Sulemani chini ya neno "historia", amekwisha kufundishwa jambo ambalo mwalimu hakukusudia kulifundisha.

Limebaki la sarufi. Twasema "Mungu alisema", lakini wengi huandika "miungu ilisema", kwa upatanisho wa miti na mikate. Desturi hiyo imetokana na maandiko ambamo miungu ya wengine ni vitu vya kutupwa, na humo inafaa. Katika simulizi ambamo miungu huoa, hukasirika na kusamehe, haifai hata kidogo. "Mitume" lina umbo lilelile, na hakuna aandikaye "mitume ilisema". Basi katika masimulizi haya tuandike "miungu walikutana", na pia "Mwezi aliwaoa", si "uliwaoa". Mhariri mmoja alipata kutusahihisha hapo kwa wino mwekundu, tulirudisha.

"Sanamu" nalo, kwa umbo la mungu lililomo hekaluni, limekwisha kuchafuliwa na maneno "kuabudu sanamu". Wahindu wenyewe husema murti. Tunapendekeza lipokewe katika umbo la "muruti", wingi "muruti", na "sanamu" liachwe kwa zile zinazosimama katika viwanja vya miji.