Wimbo wa "Mbube" na Haki ya Mtungaji

Mchapishaji wa nyimbo ni wakili wa mtungaji. Kazi yake ni kuuandikisha wimbo, kuwatoza wautumiao katika santuri, redio na sinema, na kumfikishia mtungaji fungu lake. Lakini wakili aweza kugeuka mwenye mali, na wimbo wa "Mbube" ndio ushahidi.

Solomon Linda, Mzulu, aliuimba pamoja na kundi lake, Evening Birds, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg mwaka 1939. Sauti nene zakariri neno moja, lenye maana ya simba, nayo sauti yake nyembamba yapaa juu yao pasipo maneno. Karibu na mwisho alizua papo hapo kipande kifupi cha lahani, na nathubutu kusema kwamba hicho ndicho kilichouzwa duniani kote. Mtindo wa kuitikizana ni wa Wazulu wote. Kipande kile hakina mwenyewe ila Linda.

Hata hivyo wachapishaji wa New York, wimbo ulipoimbwa na The Weavers kwa jina la "Wimoweh", waliuandikisha kwa jina la Paul Campbell, mtu asiyekuwako. Waliufanya kuwa wa jadi. Na cha jadi, kwao, hakina wa kulipwa. Linda mwenyewe alikuwa ameuachilia kwa ujira mdogo sana. Mwaka 1961 The Tokens waliuimba kwa maneno ya Kiingereza, ukavuma. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ilimrudishia mrithi haki baada ya miaka 25 tangu mtungaji kufa, hata kama mkataba ulisema vingine. Basi haki ilirudi mwaka 1987, wala warithi hawakuambiwa. Mashtaka yalifunguliwa mwaka 2004 juu ya sinema ya Disney, na mwaka 2006 yakafuatwa na mapatano na Abilene Music: Linda akatambuliwa kuwa mtungaji mwenza.

Mwenza! Neno hilo lanikera, maana lahani haikuwa na mwenzi. Lakini nasi wa pwani tusicheke. Utungo wa "Malaika", uliotangazwa na Fadhili William, wadaiwa na zaidi ya mtu mmoja, na katika mikusanyo yetu ya nyimbo twaandika "wa jadi" kabla ya kuwauliza wazee wa mahali.