Kicheko cha Mark Twain ni Silaha ya Nani?

Wako wahakiki wanaomtaja Mark Twain kuwa ni mchekeshaji wa watoto tu. Sifa hiyo inawafaa sana wale aliowachapa kwa kalamu yake. Swali la msingi katika kazi za mwandishi wa aina hii ni hili: anayechekwa ni nani, na kwa faida ya nani?

Samuel Langhorne Clemens, ndilo jina lake halisi, alizaliwa mwaka 1835 katika Missouri, jimbo la utumwa. Baba yake alimiliki watumwa, lakini alipofariki mwaka 1847 aliiacha familia katika dhiki. Kijana akaingia kazi ya kupanga herufi za chapa, kisha akawa rubani wa meli za mvuke katika mto Mississippi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alikaa majuma machache na wanamgambo wa Kusini, akawatoroka. Kwa hiyo Twain hakuzaliwa mpinzani wa unyonyaji. Alijifunza, tena polepole.

Riwaya yake Adventures of Huckleberry Finn ilitoka Marekani Februari 1885, miaka ishirini baada ya utumwa kufutwa. Ubora wake umo katika mgogoro wa nafsi ya Huck. Dini na sheria za kwao zimemfundisha kwamba kumsaidia Jim, mtumwa mtoro, ni dhambi. Naye anaamua kuitenda dhambi hiyo. Hapo tunaona jinsi fikra za wenye watumwa zilivyoteka hata dhamiri ya mtoto asiyemiliki mtumwa yeyote.

Lakini sura za mwisho zinaharibu kazi hiyo. Jim amefungwa kibandani. Tom Sawyer anajua kwamba Jim amekwisha achwa huru kwa wosia, lakini anaficha habari na kufanya utoroshaji kuwa mchezo. Mtu mzima, baba wa watoto, anageuzwa kikaragosi. Wako wanaotetea kwamba hii ni kejeli juu ya Marekani, iliyompa Mweusi uhuru wa karatasi na kuendelea kumchezea. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Jim mwenyewe hapewi nafasi ya kuitamka.

Februari hiyohiyo ya 1885 mkutano wa Berlin ulimalizika, na Leopold wa Pili wa Ubelgiji akajipatia Kongo. Marekani ilikuwa imekwisha tangulia kuitambua bendera ya chama chake Aprili 1884. Miaka ishirini baadaye Twain, aliyekuwa makamu wa rais wa Chama cha Kupinga Ubeberu cha Marekani tangu 1901, alitoa kijitabu King Leopold's Soliloquy. Safari hii kicheko kinapiga juu. Mfalme anaachwa ajitetee mwenyewe: anabusu msalaba, anawalaani wamisionari na mabalozi waliomfichua, anailalamikia kamera kwa kuwa haihongeki. Kila anapojitetea anajifunga. Nyuma ya kejeli umo ushahidi: mpira uliokusanywa kwa mtutu wa bunduki, vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa.

Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Ukoloni ulibadilisha bwana, haukuondoka. Na kijitabu kina upungufu uleule wa riwaya: Mkongo anaonekana kama maiti na kama picha, hasikiki kama msemaji. Lakini Wakongo walisema. Walitoa ushahidi wao mbele ya Tume ya Uchunguzi ya 1904–1905.

Twain alifariki mwaka 1910. Tumsome kwa sababu anafundisha namna ya kumvua mtawala joho lake mbele ya umma. Lakini anayemsoma yeye peke yake atamjua vizuri Leopold, na hatawajua waliokatwa mikono. Kijitabu chake hakina budi kusomwa pamoja na ushahidi wa Wakongo wenyewe.