Bamba Nene la Alumini Chini ya Msumeno wa Seremala

Msumeno wa umeme wa seremala unapokata bamba la alumini lenye unene wa milimita 12, wengi husema ni kwa sababu alumini ni laini. Maelezo hayo hayatoshi, tena yameharibu diski nyingi. Alumini safi ni laini kuliko aloi ya 6061 iliyokomazwa kwa joto, lakini ndiyo inayosumbua zaidi: hunata kwenye meno, ilhali 6061 hukatika chengachenga na kuachia. Kinachoamua ni kama chenga zina pa kutokea.

Tuanze na kasi. Diski ya milimita 185 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha ya jino husafiri takribani mita 2,900. Mwendo huo ungeliunguza jino kwenye chuma kinene; kwenye alumini, jino la kabaidi huumudu. Shida imo ndani ya mfuo. Bamba likiwa nene, jino hukaa ndani yake muda mrefu, na chenga zote hubebwa katika uwazi ulio mbele ya jino hilo. Uwazi ukijaa, chenga husagwa, joto hupanda, alumini hujibandika. Kwa hiyo ule ushauri kwamba metali hutaka meno mengi unafaa zaidi bati jembamba. Bamba nene linataka nafasi pana kati ya meno, nta ya kulainisha, na kukatwa kwa awamu, milimita 3 hivi kila awamu. Kusukuma kwa woga nako hakusaidii, maana jino lisilokula husugua tu.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya grenda. Lakini alumini huziba jiwe la grenda, na jiwe lililoziba huchoma badala ya kukata. Pingamizi zito ni la usalama, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Jino lililoinamia mbele, kama la kupasulia mbao, huchimba bamba na kuurusha msumeno nyuma. Itafutwe diski yenye meno yaliyosimama wima au yaliyolala nyuma kidogo. Bamba libanwe imara, kipande kinachokatika kisiibane diski, miwani ivaliwe, na mfuko wa vumbi uondolewe, kwa kuwa chenga za moto zikikutana na unga wa mbao zinaweza kuwasha moto. Asiyeweza kutimiza haya alipeleke bamba kwa mwenye msumeno wa mkanda. Anayeendelea azichunguze chenga: zikiruka punjepunje, kazi inakwenda, zikianza kugandamana, au donge jeupe likionekana kwenye uso wa jino, azime, achomoe waya, alibandue donge kabla ya kukata tena.