Kuongeza na Kuongezeka

Nilimkuta mtathmini katika ofisi ya mwalimu mkuu, shule ya msingi karibu na Runyenjes, rejista tatu mezani mbele yake. Alikuwa amekuja kupima mradi wa kusoma. Nilidhani ataanza kuhesabu waliohudhuria. Kumbe aliinua rejista ya kwanza, akaielekeza dirishani, akatazama wino.

Tiki za Jumatatu hadi Ijumaa zilikuwa za kalamu moja, mkazo mmoja, mlalo mmoja, kama zilizotiwa kwa mkupuo. Rejista ya pili ilikuwa na wino wa kila rangi, tiki moja imefutwa ikarudiwa. "Hii yenye uchafu ndiyo nitakayoitumia," akasema. Jina la mwalimu wa ile safi hakuliuliza.

Ripoti kamili huenda kwa mfadhili kwa Kiingereza. Muhtasari wa kusomewa wazazi huuandika kwa Kiswahili, na huo ndio anaoutanguliza. Rasimu yake ilisema: "Mradi uliongeza mahudhurio." Akatulia, akarudi kwenye tarehe. Hesabu ya mwanzo ilichukuliwa Oktoba, ya mwisho Februari. Oktoba huku kahawa imeiva, na mtoto mwenye mikono miwili huhitajika shambani. Februari mibuni imeshachumwa, madawati yamejaa. Akakata, akaandika: "Mahudhurio yaliongezeka." Sentensi iliyofuata ikataja kahawa.

Ni silabi moja tu iliyozidi katika kitenzi, lakini imeuvua mradi sifa ambayo bado haujaithibitisha. Ufundi wake wote nauona hapo. Kuhesabu kunafundishika, kazi ngumu ni kuzuia kalamu isiseme zaidi ya hesabu.

Kenya ina mfano mkubwa wa kujizuia huko. Mwaka 1996 shule 25 za Busia na Teso zilianza kupewa vitabu vya kiada. Ripoti ingeweza kuhesabu vitabu na kuishia hapo. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walilinganisha shule hizo na nyingine ambazo hazikupewa, wakakuta wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ni lugha ya tatu. Matokeo yalichapishwa 2009, miaka 13 baadaye. Mtoto wa Runyenjes aliyelelewa kwa Kiembu angewaeleza sababu hiyo mapema, laiti angeulizwa.

Jioni, akitoka langoni, mtathmini alimsomea bawabu ile sentensi ya kahawa. Mzee akacheka. "Hilo hata mimi ningekwambia, madam."

Akakunja karatasi, akaitia mkobani. Sentensi ile hakuigusa tena.